Timu Imeshuka Daraja: Kocha Anabaki au Anaondoka?

Msimu wa Ligi Kuu Bara ukimalizika, timu mbili za mkiani, ya 15 na ya 16, zinashuka moja kwa moja. Ya 13 na ya 14 zinakutana kwenye mchujo, nyumbani na ugenini, na inayopoteza inapewa nafasi ya mwisho dhidi ya timu iliyotoka Championship, ligi ya daraja la chini yake. Kipenga cha mwisho kikilia, kabla hata wachezaji hawajavua jezi, kwenye vijiwe vya hapa Dodoma, Majengo hadi Nkuhungu, linaulizwa swali moja: kocha anabaki au anaondoka?

Majibu huja haraka. Kocha anasema bado ana mkataba. Ofisa habari anasema uongozi utakaa ufanye tathmini. Shabiki mwenye hasira anataka mtu afungashiwe virago leo hii, na mwenzake anamjibu kwamba kosa ni la usajili. Wote hao wanamzungumzia mtu, wakati mara nyingi jambo lenyewe limeshaamuliwa kwenye karatasi na kwenye akaunti ya klabu. Ninavyoona mimi, kocha hubaki pale klabu yenyewe inapobaki: mwenye kuilipa awe yule yule, wachezaji wa msingi wawepo, na mshahara wa Julai uwe na mahali pa kutoka. Hayo yakikosekana, hata kocha anayependwa na mji mzima ataondoka, na pengine atakuwa anafanya jambo la haki.

Kanda ya kati iliona pande zote mbili za jambo hili mwaka 2020. Dodoma Jiji, chini ya kocha Mbwana Makata, ilipanda Ligi Kuu. Singida United, kama kilomita 240 kwa barabara kutoka Dodoma, ilishuka. Ligi wakati huo ilikuwa na timu 20 na ilikuwa inapunguzwa, kwa hiyo Lipuli, Alliance na Ndanda ziliteremka nayo, kisha Mbao ikafuata baada ya kutolewa na Ihefu kwenye mchujo. Mpaka msimu wa 2024/25 unakwisha, hakuna hata moja kati ya hizo tano iliyokuwa imerudi Ligi Kuu.

Ya Singida United ndiyo inayouma zaidi huku kwetu. Ilipanda 2017, ikamchukua Hans van Pluijm, Mholanzi aliyewahi kuipa Yanga ubingwa, na Juni 2018 ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam pale Sheikh Amri Abeid, Arusha, ikafungwa 3-2 na Mtibwa Sugar. Baada ya hapo van Pluijm akaenda Azam. Aliondoka timu ikiwa juu. Waliokuja nyuma yake walirithi klabu ambayo fedha zilikuwa zinaikauka, na miaka miwili baada ya ile fainali ikashuka. Kuuliza wakati huo kama kocha wa mwisho angebaki kulikuwa ni kuuliza jambo dogo, maana klabu yenyewe ilikuwa inayeyuka.

Halafu tazama kilichofuata. Mji wa Singida ulirudi Ligi Kuu mwaka 2022 kupitia timu nyingine kabisa, DTB, iliyopanda kisha ikabadili jina kuwa Singida Big Stars. Na kocha wake akawa nani? Van Pluijm yule yule, akaimaliza 2022/23 katika nafasi ya nne, pale pale kwenye Uwanja wa Liti. Mwaka uliofuata jina likawa Singida Fountain Gate, baadaye timu hiyo ikahamia Manyara ikiitwa Fountain Gate, na Ihefu ikatolewa Mbarali, Mbeya, ikaletwa Singida na kuwa Singida Black Stars mwaka 2024. Kwa shabiki wa kawaida huu ni mkanganyiko. Kwa kocha ni maelezo tosha ya kwa nini hawezi kuahidi kubaki: hajui kama mwakani klabu itakuwa na jina lile lile, wala mkoa ule ule.

Sasa zitazame zilizorudi. Ihefu ilishuka 2021 ikarudi 2022. JKT Tanzania ilishuka 2021 ikarudi 2023. Mtibwa Sugar, mabingwa wa 1999 na 2000, walishuka 2024 na msimu mmoja tu baadaye wakapanda tena. Nyuma ya Mtibwa kuna kiwanda cha sukari. Nyuma ya JKT Tanzania kuna jeshi. Mlipaji hakuondoka siku timu iliposhuka, na hilo lina uzito kuliko jina la mtu aliyekaa benchi.

Bajeti ya Julai

Hapa Dodoma hadithi ina sura yake, kwa sababu Dodoma Jiji ni timu ya halmashauri, kama zilivyo KMC ya Kinondoni na Mbeya City. Timu za aina hii zina kitu ambacho timu ya mfanyabiashara mmoja haina: halmashauri haifilisiki kirahisi, na haihami mkoa. Lakini zina kalenda ngumu. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Madiwani hupitisha bajeti ya mwaka unaofuata katika miezi ya mwanzo wa mwaka, wakati ligi bado ina mechi nyingi na timu pengine iko nafasi ya kumi au ya kumi na moja. Fungu la timu linapangwa kwa matumaini ya kubaki Ligi Kuu. Timu ikishuka Mei au Juni, bajeti imeshapita, na mapato yaliyotarajiwa hayapo tena.

Mapato yenyewe ni yapi? Mwaka 2021 Azam Media na TFF, shirikisho la soka nchini, walisaini mkataba wa haki za matangazo wa miaka kumi wenye thamani ya Sh225.6 bilioni. Kwa klabu ndogo za mikoani mgawo wa fedha hizo ni mshipa wa damu. Kuna pia mdhamini mkuu wa ligi, Benki ya NBC. Halafu kuna mechi mbili za nyumbani ambazo kila mweka hazina wa klabu ya mkoani huzisubiri mwaka mzima: Simba na Yanga. Siku hizo Uwanja wa Jamhuri unajaa, tiketi zinauzwa, na mama lishe wa jirani anapika sufuria mbili zaidi. Ukishuka, mechi hizo huna. Championship nako kuna safari ndefu vilevile, basi linakula mafuta yale yale, hoteli zinalipwa, ila getini wanaingia watu wachache.

Wakati huo huo asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na kuna zahanati, barabara za mitaa na madarasa yanayosubiri. Diwani atakayesimama kwenye kikao na kuomba mshahara wa kocha wa Ligi Kuu ulipwe kwa timu ya Championship lazima awe na hoja nzito. Mimi naamini hoja hiyo ipo, nitaieleza mbele kidogo, lakini siwalaumu wanaouliza. Hizo ni fedha za ushuru wa soko na leseni za biashara za wananchi.

Ndiyo maana, kwa timu ya halmashauri, jibu la kocha kubaki huanza kuonekana kwenye mambo madogo ya Juni na Julai: kama malimbikizo ya mishahara ya msimu uliokwisha yamelipwa, kama wachezaji waliomaliza mikataba wameitwa mezani, kama kambi ya maandalizi imepangiwa tarehe. Mbeya City ilishuka 2023 na ilihitaji misimu miwili kurudi. Geita Gold, nayo timu ya halmashauri, ilishuka pamoja na Mtibwa mwaka 2024, na msimu mmoja uliowatosha Mtibwa haukuwatosha wao.

Kilichoandikwa kwenye mkataba

Tuje kwenye karatasi, kwa sababu hapa ndipo uvumi mwingi huzaliwa. Makocha wengi wa klabu za kati na za chini husaini mkataba wa mwaka mmoja, au wa mwaka mmoja wenye kipengele cha kuongeza. Ukiisha Juni, kocha hajafukuzwa, mkataba umeisha. Magazeti yataandika katimuliwa, vijiwe vitasema katimuliwa, ila kisheria hakuna aliyevunja kitu na hakuna anayedai fidia.

Isipokuwa kuna mtego ambao viongozi wengi wa mpira hawauoni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 36, inahesabu kuwa ni uachishaji kazi pia pale mwajiri anapokataa kuhuisha mkataba wa muda maalumu wakati mfanyakazi alikuwa na matarajio ya msingi kwamba utahuishwa. Kiongozi anayetamka mbele ya kamera mwezi Aprili kwamba "hata tukishuka tunaendelea na mwalimu wetu", kisha akamwandikia kocha ujumbe wa kumwomba apange orodha ya usajili wa mwakani, anaweza kuwa ametengeneza matarajio hayo bila kujua. Kocha atalazimika kuyathibitisha mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na si rahisi, lakini mlango upo. Kwa hiyo ukiona ofisa habari anakwepa swali na kujibu kwa maneno ya jumla, pengine kuna mwanasheria aliyemkanya.

Upande wa pili kuna kocha wa zimamoto, yule anayeletwa Januari timu ikiwa imezama. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 35, inawaweka nje ya kinga za uachishaji usio wa haki wafanyakazi ambao hawajatimiza miezi sita kwa mwajiri huyo. Hesabu mwenyewe: aliyeanza katikati ya Januari, ligi ikaisha mwishoni mwa Mei, hajatimiza. Bado anaweza kudai kuvunjiwa mkataba kama ulikuwa na muda uliobaki, ila silaha yake kubwa haipo. Nadhani hii ni sababu mojawapo ya klabu kubadili kocha katikati ya msimu kwa wepesi, na pia sababu ya kocha wa zimamoto kutaka fedha yake nyingi mwanzoni. Na huyu ndiye mara nyingi anayekuwa benchi siku timu inaposhuka, akabeba aibu ya timu ambayo hakuisajili.

Mikataba iliyoandikwa vizuri huwa na kipengele cha kushuka daraja. Kinaweza kusema mkataba unakoma wenyewe timu ikishuka. Kinaweza kusema mshahara unapungua kwa kiwango fulani, na kumpa kocha bonasi nene akiirudisha. Kinaweza kumpa kocha peke yake haki ya kuondoka ndani ya wiki kadhaa. Hiki cha mwisho wapenzi wa mpira hawakipendi, lakini ndicho kinachomfanya kocha mzuri akubali kuja kwenye timu iliyo hatarini. Bila kipengele chochote, mkataba unaendelea na mshahara ule ule, na hapo ndipo kikao cha tathmini kinapogeuka kikao cha kutafuta namna ya kuachana.

Kwa kocha mgeni mambo yanabadilika tena. Tangu Januari 1, 2021 kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji zina kiambatisho kinachowahusu makocha, na mgogoro kati ya kocha wa nje na klabu unaweza kupelekwa FIFA moja kwa moja. Klabu ikimwachisha bila sababu ya msingi, fidia kwa kawaida ni thamani ya miezi iliyobaki kwenye mkataba. Tuseme analipwa Sh5 milioni kwa mwezi na amebakiza mwaka mzima: ni Sh60 milioni. Akipata kazi mpya ya Sh3 milioni kwa mwezi kwa kipindi hicho hicho, kile atakachopata kinatolewa, na klabu inabaki na deni la Sh24 milioni. Asipopata kazi, deni ni lote. Klabu isipolipa ndani ya siku 45 inaweza kufungiwa kusajili wachezaji, hadi madirisha matatu mfululizo. Fikiria maana yake kwa timu iliyoshuka: wachezaji wake wazuri wanaondoka, na mlango wa kuleta wengine umefungwa kwa sababu ya kocha aliyefukuzwa kwa hasira.

Kanuni hizo zinamlinda kocha pia akiwa ndiye anayetaka kuondoka. Akicheleweshewa mishahara ya miezi miwili, akaiandikia klabu na kuipa angalau siku 15 za kulipa, na klabu ikakaa kimya, anaweza kuvunja mkataba kwa sababu halali na bado akadai haki zake. Kibali chake cha kazi na cha ukaazi vimefungwa kwa mwajiri aliyemwombea, kwa hiyo hawezi kukaa Dodoma miezi mitatu akisubiri uongozi uamue. Akiona Juni imepita bila neno, ataanza kuzungumza na wengine.

Hapo ndipo linapozaliwa tangazo tulilolizoea, kwamba klabu na kocha wameachana "kwa makubaliano ya pande mbili". Watu hulichukulia kuwa ni lugha ya kuficha kufukuzwa. Mara nyingi ni mapatano halisi: kocha anasamehe sehemu ya miezi iliyobaki, klabu inakubali kulipa malimbikizo kwa awamu, na wote wanaepuka kesi. Kocha anapata jina safi la kutafutia kazi nyingine. Ukilisoma tangazo la namna hiyo, la kuulizwa ni kama awamu hizo zitalipwa kweli.

Wa Newcastle na wa kwetu

Kila mwaka nasikia mtu akitoa mfano wa Uingereza. Rafael Benítez aliichukua Newcastle Machi 2016, akashuka nayo, akabaki ingawa alikuwa na haki ya kuondoka, akairudisha mwaka 2017 ikiwa bingwa wa daraja la pili. Sean Dyche alibaki Burnley 2015 akarudi nayo 2016. Mifano ni ya kweli, na inatia moyo. Ila anayeitoa aseme pia kwamba timu inayoshuka Ligi Kuu ya England huendelea kupewa sehemu ya fungu la televisheni: asilimia 55 mwaka wa kwanza, 45 wa pili, na 20 wa tatu kwa iliyokuwa imekaa juu zaidi ya msimu mmoja. Benítez alibaki kwenye klabu iliyokuwa na fedha za kumpa timu. Sisi huku hatuna mto wa kuangukia namna hiyo.

Na hata huko si sheria. Rob Edwards alibaki Luton iliposhuka 2024. Januari 2025 akaondoka, na Mei Luton ikashuka tena. Vincent Kompany alishuka na Burnley mwaka huo huo wa 2024 na badala ya kubaki akachukuliwa na Bayern Munich. Kwa wengi wetu lile lilikuwa jambo la kushangaza, ila lilionyesha kitu: wanaoajiri makocha hutazama kazi ilivyofanywa, siyo nafasi kwenye msimamo peke yake. Huku kwetu pia simu za klabu nyingine huanza kulia Juni, na kocha aliyeshuka na timu yenye mpira mzuri hupata mlo mahali pengine upesi.

Je, abaki? Nikiulizwa kwa timu ya kanda hii, najibu ndiyo, kama timu ilianza naye msimu au alipewa angalau nusu ya msimu, na kama wachezaji bado wanamsikiliza. Hiyo ndiyo hoja ambayo diwani angeweza kuisimamia. Kocha mpya wa Julai atataka wachezaji wake, na wachezaji wapya wana ada ya usajili. Kocha anayebaki anajua nani alichoka Machi, nani alicheza na goti bovu, na kijana gani wa timu ya vijana yuko tayari. Maarifa hayo yameshalipiwa kwa fedha ya mji. Kumwondoa na kulipa fidia, kisha kumlipa mwingine ajifunze upya, ni kulipia kitu kimoja mara mbili, wakati klabu ina fedha kidogo kuliko wakati wowote.

Simtetei kila kocha. Yupo anayeshuka kwa sababu alipoteza chumba cha kubadilishia nguo tangu Desemba, na kumbakiza huyo ni kuipeleka timu chini mara ya pili mfululizo. Yupo ambaye Championship haimfai, kwa kuwa ligi ile ina viwanja vigumu, mipira mirefu na safari za kuchosha, na anayeijua ni yule aliyewahi kupandisha timu. Mambo hayo yanaweza kujulikana mapema kwa kuwauliza wachezaji wakongwe na daktari wa timu. Hakuna haja ya kungoja mechi ya mwisho.

Kwa hiyo wakati wa kuuliza kama kocha atabaki ni ule ambao madiwani wanapitia fungu la timu, ligi ikiwa bado inaendelea. Waulize mkataba wa mwalimu unaisha lini, una kipengele gani timu ikishuka, anadai miezi mingapi, na kama bajeti ina mstari wa pili wa Championship. Majibu ya maswali manne hayo yanaingia kwenye karatasi moja, na ofisi ya klabu inaweza kuiandaa kwa siku moja.